Nyumba ya Goba au ya Kibada: namna tulivyozipima kabla ya kununua

Mdogo wangu na mumewe walipomaliza miaka saba ya kuishi nyumba za kupanga na kuweka akiba, walibakiwa na nyumba mbili za kuchagua, ambazo bei zake zilipishana kidogo tu. Ya kwanza iko Goba, katika Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaotazama bonde. Ina vyumba vinne, vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu na geti la umeme. Ya pili iko Kibada, Kigamboni, kwenye kiwanja tambarare chenye miembe miwili. Ina vyumba vitatu, sakafu ya saruji iliyopauka na mabati ambayo kutu imeanza kuyala kwenye kingo. Mtu yeyote aliyeonyeshwa picha za nyumba hizo kwenye simu angechagua ya Goba bila kusita. Dalali alilijua hilo, kwa kuwa alitupeleka Kibada kwanza, saa saba mchana, jua likiwa utosini, kisha Goba saa kumi na moja jioni, wakati upepo unapanda kutoka bondeni.

Niliombwa kuandamana nao kwa sababu mimi niliwahi kununua nyumba wakati wa kiangazi nikaja kuijua wakati wa masika, nikiwa nimesimama juu ya kitanda na viatu mkononi. Kabla hatujalinganisha chochote tulikubaliana kipimo kimoja: kila kasoro tutakayoikuta tuiulize kama fundi na pesa vinaweza kuiondoa. Kama vinaweza, gharama yake inakatwa kwenye bei na mazungumzo yanaendelea. Kama haviwezi, hiyo ndiyo yenye uzito wa kuamua, hata nyumba iwe inapendeza namna gani. Mabati, vigae, rangi, dari na hata nyaya zote za umeme ni vya kundi la kwanza. Maji ya mvua yanapopita, nani ana haki juu ya ardhi, na nani anaishi upande wa pili wa ukuta ni mambo ya kundi la pili.

Ukuta, paa na kilicho chini ya rangi

Nyumba ya Goba ilikuwa imepakwa rangi upya, jambo ambalo si kosa, maana hata anayeuza gari huliosha. Kilichonishtua ni kwamba upande wa nyuma, kuanzia usawa wa ardhi hadi magotini, ukuta ulipakwa rangi ya mafuta ilhali sehemu nyingine zote zilikuwa na rangi ya maji. Rangi ya mafuta huuficha unyevu kwa muda, kisha plasta hutunga malengelenge na kuanza kumung'unyoka. Niliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole nikishuka kutoka juu. Juu ulitoa sauti nzito, chini ukalia kama debe tupu, ishara kwamba plasta imekwisha kuachana na tofali. Katika chumba cha mwisho palikuwa na ufa wa mshazari ulioanzia pembe ya dirisha kuelekea sakafuni, nao uliruhusu ukingo wa sarafu ya shilingi 200 kuingia. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotambaa juu ya plasta hazina neno. Mara nyingi huletwa na plasta iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari unaolikata tofali lenyewe ni habari nyingine, kwa kuwa mara nyingi husema kwamba upande mmoja wa msingi umetitia, na kwenye mteremko hilo hutokea pale nusu ya nyumba inapokaa kwenye ardhi asilia na nusu nyingine kwenye kifusi kilichojaziwa ili kusawazisha kiwanja.

Ya Kibada haikuwa imepakwa chochote, na kasoro zake zilikuwa wazi kama vidonda. Kigamboni ina upepo wa bahari, na chumvi ya upepo huo haichezi na chuma. Mabati yalikuwa yametoboka kwenye kingo, na nguzo moja ya baraza ilikuwa imepasuka zege kwa sababu nondo za ndani zilipata kutu, zikavimba na kulisukuma zege nje. Fundi tuliyekwenda naye alipanda kwenye dari kwa tochi, akakaa huko karibu nusu saa, akashuka na vumbi la popo mabegani. Kenchi zilikuwa nzima isipokuwa mbao tatu zilizopandwa na mchwa. Kuta hazikuwa na ufa wowote wa kutisha, na milango yote ilifungwa bila kusukumwa kwa bega, jambo dogo ambalo watu hulipuuza ingawa ndilo linaloonyesha kwamba nyumba haijahama mahali pake.

Nawashauri wote wanaonunua wamlipe fundi wao wenyewe, asiyefahamiana na dalali wala muuzaji, na wampe siku nzima. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na anachoweza kukugundulia, na akimaliza atakupa orodha ya matengenezo utakayoitumia kujadili bei. Orodha ya Kibada ilikuwa ndefu kuliko ya Goba. Hata hivyo, vyote vilivyokuwamo viliweza kununuliwa dukani: mabati, mbao, nondo, saruji. Ya Goba ilikuwa na mambo mawili tu, na fundi alikataa kuyapigia hesabu kabla ya kuchimba pembeni ya msingi kuona umeshuka kiasi gani. Mwenye nyumba hakuruhusu uchimbaji huo.

Maji ya mvua

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pengine popote, na sioni sababu ya kuomba radhi. Dar es Salaam imefundishwa na maji mara nyingi: mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Jangwani na wengine wakahamishiwa Mabwepande, na miaka minne baadaye, Desemba 2015, nyumba zilizokuwa katika bonde la mto Msimbazi zilipakwa alama nyekundu ya X na kubomolewa. Wengi wa waliopoteza makazi walikuwa wamenunua kwa pesa halali kutoka kwa watu waliowaamini.

Tulirudi Goba wiki ya pili ya Aprili, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Dalali alikataa kuja. Alisema barabara haipitiki, na kwa kusema hivyo akawa ametupa taarifa ambayo hakuwahi kuitoa kabla. Lami ya barabara kubwa ya Goba ilikuwa haina shida, lakini kutoka pale hadi kwenye nyumba ni njia ya udongo mwekundu yenye urefu wa kama mita 600, na gari dogo lilikuwa limezama humo hadi kwenye sahani za magurudumu. Maji yalishuka kutoka nyumba za juu, yakafuata ukuta wa uzio, yakapasuka kwenye pembe na kumwagikia korongo lililoko nyuma. Siku ya kwanza, korongo hilo tuliliona kama kichaka cha majani tu. Siku hiyo lilikuwa linanguruma. Kutoka ukuta wa jiko hadi ukingo wake nilihesabu hatua kumi na nne, na kwenye ukingo ulisimama mkorosho ambao nusu ya mizizi yake ilikuwa inaning'inia hewani.

Jirani wa chini, mama wa makamo, alikuwa akipanga viroba vya mchanga kwenye mlango wake.

"Shikamoo mama," mdogo wangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuangalia nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Nyie wa tatu tangu mwaka huu uanze." Akaunyooshea mkorosho kidole. "Ule mti mwaka juzi ulikuwa katikati ya uwanja. Watoto walifunga bembea pale."

Hakusema zaidi, wala hatukumwomba aseme. Mtu anayeendelea kuishi pale ana haki ya kutomharibia jirani yake biashara, na adabu inamtaka mnunuzi asimlazimishe kutoa ushahidi. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa rahisi: kama korongo limekula nusu ya uwanja ndani ya masika mawili, ukuta wa kuzuia udongo utakaojengwa na mwenye nyumba mmoja hautatosha, kwa kuwa maji yanatoka kwa majirani zaidi ya ishirini walioko juu, na kila mmoja wao anapojenga baraza au kumwaga zege uwanjani, maji yanaongezeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama korongo fulani linahesabika kuwa mto au la ni swali la kumpelekea afisa mipango miji wa manispaa, na si dalali, na ni vizuri jibu lake likapatikana kwa maandishi.

Kibada tulikwenda siku hiyo hiyo alasiri. Udongo wa kule ni wa mchanga na maji huzama upesi, hivyo uwanja wa nyumba ulikuwa na unyevu tu. Tatizo lilikuwa mwisho wa mtaa, kwenye bonde dogo ambako maji yalikuwa yamesimama na mbu wamekwisha kuhamia. Tulipopita tena usiku niliwasikia vyura wakiimba upande huo, nami huwachukulia vyura kuwa wapima ardhi wazuri, kwa sababu hawaimbi mahali ambapo maji huondoka siku hiyo hiyo. Kutoka pale hadi kwenye nyumba ni viwanja sita, na ardhi inapanda kidogo. Jambo moja la kuangalia zaidi katika maeneo tambarare ya Kigamboni ni shimo la maji taka, kwa kuwa pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa mapema wakati wa masika hata kama familia ni ndogo. Tulifungua mfuniko. Lilikuwa limejaa robo tatu, na nyumba ilikuwa na mtu mmoja.

Bomba, kisima na risiti ya LUKU

Goba ina bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, lakini nyumba iko juu ya mteremko na presha huisha kabla ya kufika. Majirani wote walikuwa na matanki makubwa, wengine mawili mawili, na siku ile ya mvua boza la maji lilikuwa limekwama njiani likipeleka maji kwa mtu. Ukiona nyumba kumi zenye matanki makubwa huhitaji kumwuliza mtu kuhusu mgao. Kibada nyumba inatumia kisima. Mdogo wangu alinawa mikono kwa sabuni ya mche na povu halikutoka, kisha akachemsha maji kwenye birika, akayamwaga, na tukaona utando mweupe chini. Ni maji ya kufulia na kumwagilia, si ya chai. Mabomba ya DAWASA yamefika sehemu za Kigamboni katika miaka ya karibuni, lakini kwenye mtaa huo yalikuwa bado, na ahadi ya "mwezi ujao" hatukuihesabu.

Kuhusu umeme nina mbinu moja ambayo naipenda. Muuzaji wa Goba alituambia kwamba alihama mwezi uliotangulia. Niliomba namba ya mita, nikanunua umeme wa shilingi 20,000 kama zawadi ya kuonyeshwa nyumba. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kiwango kimekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi tangu mwaka 2023. Kama hakuna aliyenunua umeme kwa miezi kadhaa, kodi ya miezi yote hukatwa kwa mpigo. Ujumbe uliorudi kwenye simu ulionyesha makato ya shilingi 9,000. Nyumba ilikuwa tupu kwa miezi sita, tangu vuli. Kuwa tupu si dhambi, lakini kwa nini kulificha? Kibada nilikatwa 1,500, kama inavyopaswa kuwa.

Karatasi

Kwa karatasi, nyumba hizi mbili zilitofautiana kwa namna ambayo sikuitarajia, na naomba msomaji anivumilie kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika na mhuri.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Haki hiyo, ikiwa imetolewa chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, hutolewa hati ambayo muda wake unaweza kufika miaka 99. Chini ya hati kuna ngazi nyingine: barua ya toleo ambayo wengi huiita ofa, leseni ya makazi ya muda mfupi kwa maeneo yasiyopimwa, na mwisho kabisa mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya mashahidi katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Muuzaji wa Goba alikuwa na mkataba wa mauziano wa mwaka 2013 wenye mihuri mingi, pamoja na namba ya kiwanja iliyotokana na urasimishaji, yaani kuyapima na kuyamilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango. Urasimishaji ni kazi njema, na umewapa wakazi wengi wa Ubungo hati ambazo wasingezipata kwa njia nyingine, lakini una hatua: mchoro wa mipango miji, upimaji, kuidhinishwa kwa ramani ya upimaji, kisha kumilikishwa na kutolewa hati. Wapo wakazi waliochangia kampuni ya upimaji na kuwekewa mawe ya mipaka, kisha wakabaki na mawe hayo tu. Namba ya kiwanja peke yake inathibitisha kwamba kiwanja kimechorwa, na haisemi kwamba aliyesimama mbele yako ndiye mwenyewe. Tena, mchoro wenyewe unaweza kuwa umepitisha barabara ya mita 8 kwenye sebule yako. Tuliomba kuuona mchoro manispaa, na njia ya mtaa iliyopanuliwa ilikuwa imekata mita mbili za uzio wa mbele pamoja na geti la umeme.

Nyumba ya Kibada ipo kwenye viwanja vya mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambao ndio uliopima pia Tuangoma, Bunju, Mivumoni na Buyuni. Ina hati kamili. Tulipeleka nakala yake kwa Msajili wa Hati, tukalipia upekuzi rasmi na kusubiri majibu. Yalipokuja yalikuwa na mambo mawili. La kwanza, mmiliki aliyesajiliwa ni marehemu, baba wa watu wanaouza. La pili, kulikuwa na zuio lililowekwa na mmoja wa watoto wake, binti anayeishi mkoani, ambaye hakuridhika na namna ndugu zake walivyoanza kuuza kabla ya mirathi kukamilika.

Mume wa mdogo wangu alitaka kuacha pale pale. Alisema Goba hakuna zuio wala marehemu. Nilimwambia kwamba Goba hakuna zuio kwa sababu hakuna daftari la kuliwekea; mwenye madai juu ya ile nyumba, kama yupo, hana mahali pa kuyaandika ambapo sisi tungeyaona. Kasoro ya Kibada ilikuwa imejitaja jina, na ilikuwa na njia ya kutatuliwa: msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama, warithi wote kukubaliana kwa maandishi, aliyeweka zuio kuliondoa mwenyewe, msimamizi kusajiliwa kwa nafasi yake hiyo, ndipo uhamisho ufanyike. Ni kazi ya miezi, lakini ni kazi yenye mwisho.

Jambo lingine la karatasi linahusu ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji wa Goba alisema mkewe yuko safari. Tulimwomba tuzungumze naye kwa simu, akaahidi jioni. Jioni akaahidi Jumapili. Sidai kwamba alikuwa na nia mbaya. Ninachosema ni kwamba mnunuzi aliyelipa bila ridhaa hiyo hujikuta mahakamani akibishana na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kwa Kibada tulifanya ukaguzi mmoja zaidi, wa mpango wa mji. Kigamboni iliwahi kutangazwa kuwa eneo la mji mpya mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa wakazi wake walizuiwa kujenga na kuuza wakisubiri mpango ambao baadaye ulipunguzwa. Kiwanja kuwa na hati hakukukinga na hilo, kwa hiyo tulimwuliza afisa mipango miji wa Manispaa ya Kigamboni kuhusu mtaa wenyewe kwa namba ya kitalu. Goba tuliuliza kuhusu hifadhi ya barabara, kwa sababu bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, iliwakuta watu waliokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, wengi wao wakiwa wamejenga miaka mingi. Nyumba yetu ilikuwa mbali na barabara kubwa, kwa hiyo hapo ilisalimika.

Safari na usiku

Mdogo wangu anafanya kazi Posta, mumewe anafanya kazi Mwenge. Kwa ramani, Goba inampendelea mume, kwa kuwa barabara ya kupitia Makongo inamfikisha Mwenge bila kugusa Barabara ya Morogoro. Tuliijaribu Jumatatu, tukitoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kama mtu anayewahi kazi, na dakika ishirini za kwanza ziliishia kwenye ile njia ya udongo. Kutoka Kibada mdogo wangu anapanda daladala hadi kivukoni, anavuka kwa pantoni na kushuka Magogoni, hatua chache kutoka kazini. Pantoni moja ikienda matengenezo foleni huongezeka, na njia mbadala ni Daraja la Nyerere, ambalo lilifunguliwa mwaka 2016 na lina tozo. Mume kutoka Kibada hadi Mwenge ni safari ndefu, na hakuna namna ya kuipamba. Saa moja na nusu siku nzuri. Kwa familia yenye wote wawili upande wa Mwenge au Tegeta ningesema Kibada isiguswe.

Usiku tulikwenda Ijumaa, saa nne, bila kumwambia mtu. Goba kuna baa chini ya bonde, na sauti ya muziki hupanda mteremko kama moshi. Kwenye chumba cha kulala cha nyuma tungeweza kuimba pamoja nao. Kibada kulikuwa kimya, lakini giza. Viwanja viwili jirani havijajengwa na vimeota pori, na taa ya barabarani iliyo karibu ilikuwa mtaa wa pili. Kijana mwenye genge la kuuzia nyanya pembeni, ambaye alikuwa akifunga, alitueleza kwamba mtaa una ulinzi shirikishi na kila nyumba huchangia, na kwamba vibaka walikuwa wakipita kwenye pori lile hadi wakazi walipolifyeka. Alitaja pia, bila kuulizwa, nyumba ya nne ambayo mwenyewe anafyatua matofali na mashine huanza saa moja asubuhi. Dakika kumi gengeni zilitupa zaidi ya saa tatu na dalali. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Tulipofikia

Goba ilikuwa na nyumba nzuri zaidi na kasoro chache zaidi, ila zote zilikuwa za kundi lisilotibika kwa pesa zetu: korongo, msingi, karatasi zisizopekulika na mke asiyepatikana. Kama ingekuwa juu kabisa ya kilima, yenye hati mkononi, na wote wawili wangekuwa wanafanya kazi upande wa Mwenge, ningewashauri waichukue hata kwa kuongeza pesa, kwa sababu Goba yenyewe ni mahali pazuri pa kuishi na lami yake imeileta mjini. Kibada ilikuwa na orodha ndefu ya fundi, maji ya chumvi, giza, na safari ambayo mume ataichukia.

Walichagua Kibada. Gharama ya mabati, nguzo na shimo jipya ilikatwa kwenye bei kwa mujibu wa orodha ya fundi, na wakili aliandika mkataba wenye malipo ya awamu tatu: sehemu ndogo baada ya msimamizi wa mirathi kusajiliwa, sehemu kubwa baada ya zuio kuondolewa na kibali cha uhamisho kutoka, na iliyobaki siku hati inaposomeka jina la mnunuzi. Yule binti wa mkoani alikuja mwenyewe, akakaa na ndugu zake siku mbili, akasaini. Kuanzia upekuzi hadi hati ilichukua miezi minane, na katika muda huo waliendelea kupanga na kulalamika. Mabati mapya yalipandishwa Februari, kabla mvua hazijaanza. Maji ya chai bado wanayanunua kwa ndoo, na mume huondoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri.